Saa sita au saa tisa? Kutafuta kosa pale sauti isipoeleweka penye kelele

Tulitoa tangazo la kikao kwa ujumbe wa sauti: saa sita mchana, ukumbi uleule. Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alifika saa tisa akatukuta tunapanga viti tuondoke. Tangazo alikuwa amelisikiliza mara mbili ndani ya daladala, volyumu ikiwa mwisho kabisa, na alichosikia yeye ni saa tisa. Nilikwenda kulisikiliza mwenyewe kwenye gari la Mbagala, nimekaa kiti cha pembeni ya boneti, na kwa kweli nisingeweza kuapa ni sita au ni tisa.

Mimi ndiye ninayehariri masomo ya sauti ya kikundi chetu. Wasikilizaji wetu hawakai sebuleni. Yupo fundi wa kuchomelea mageti, yupo mama lishe aliyepanga meza jirani na mashine ya kusaga, na wengi husikiliza wakiwa njiani saa 12 asubuhi. Malalamiko yao karibu yote yanakuja kwa maneno mawili tu: "Sauti ndogo." Nimejifunza kutoyachukua maneno hayo kama yalivyo, maana nikiomba simu ya mlalamikaji nakuta volyumu imejaa. Sauti ipo. Kilichopotea ni maneno.

Chukua "sita" na "tisa", ondoa konsonanti. Yote mawili yanabaki "i-a". Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu katika usemi. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni pumzi na mipasuko midogo, na sehemu kubwa ya sauti yake iko juu, kati ya 2000 Hz na 8000 Hz (Hz, yaani hezi, ni idadi ya mitetemo kwa sekunde: namba ikipanda, mlio unakuwa mwembamba zaidi). Ngurumo ya injini iko chini, kwenye mamia machache ya Hz. Sikio la binadamu nalo lina tabia yake: mlio mzito ukiwa na nguvu hufunika milio iliyo juu yake, kuliko milio ya juu inavyoweza kufunika ule mzito. Ongeza hapo upepo wa dirishani na vioo vinavyogonga, na zile pumzi dhaifu zimekwisha. Ndiyo maana unasikia kabisa kwamba mtu anaongea, hata unamtambua ni nani, lakini hushiki anachosema. Ukipandisha volyumu, irabu zinaanza kukuumiza masikio kabla s haijatokeza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, sikiliza rekodi ileile, kwa kifaa kilekile, chumbani usiku kukiwa kimya. Ikiwa haieleweki hata hapo, kelele ya barabarani haina kosa. Tatizo liko kwenye rekodi au kwenye kifaa. Jaribu rekodi nyingine unayoijua ni nzuri, utajua ni kipi kati ya hivyo viwili. Ikiwa chumbani ni safi na kwenye gari haishikiki, endelea hapa chini.

"Nasikia anaongea, ila maneno yanakwepa"

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na chanzo cha kwanza mara nyingi ni mpira wa spika ya sikioni kutoziba tundu la sikio. Watu wengi hutumia ule uliokuja umevalishwa, wakati ndani ya boksi mna saizi nyingine mbili zilizobaki kwenye kifuko. Jaribu hivi: shika sehemu ya juu ya sikio kwa mkono wa pili, livute kidogo juu na nyuma, ingiza spika, kisha achia. Ikiziba vizuri utahisi dunia imerudi hatua moja nyuma na sauti yako mwenyewe inavuma kichwani. Usipohisi hivyo, badilisha saizi. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo usione ajabu ukiishia na kubwa kushoto na ndogo kulia. Mipira ya sponji inayobonyezwa kabla ya kuingizwa huziba vizuri zaidi kuliko ya silikoni, ingawa inachakaa haraka.

Naanzia hapo kwa sababu kila kelele unayoizuia isiingie ni volyumu ambayo hukulazimika kuiongeza.

Chanzo cha pili ni besi. Spika nyingi za bei nafuu, hasa zile zenye maandishi makubwa ya kusifia besi kwenye boksi, zimetengenezwa kunenepesha mlio mzito. Kwa muziki nyumbani ni raha. Kwa mtu anayeongea ndani ya basi ni kuongeza ngurumo juu ya ngurumo. Fungua ikwalaiza ya simu, yaani vijiti vya kupandisha na kushusha sehemu mbalimbali za mlio, ambayo kwenye simu nyingi za Android iko ndani ya mipangilio ya sauti, au ile ya programu unayosikilizia. Shusha vijiti vya kushoto, vya chini ya 250 Hz, karibu desibeli 6. Kisha pandisha kidogo vya 2000 Hz hadi 4000 Hz, desibeli 3 au 4 zinatosha. Ukikuta s zinapiga miluzi na kuchoma, umezidisha, rudisha nusu. Kwenye iPhone, programu ya muziki ya Apple ina mpangilio uliotayarishwa kwa ajili ya usemi, nao unafaa kuanzia. Ukitumia spika za Apple au Beats, ingia pia sehemu ya ufikivu (Accessibility): mna mpangilio wa hedifoni unaoweza kukazia sauti ya binadamu na kuinua sauti hafifu.

Chumbani mpangilio huu utausikia mwembamba, kama redio ndogo ya mkulima. Usihukumu hapo. Uhukumu ukiwa kwenye gari.

Mwalimu bora wa jambo hili ni konda. Anasimama mlangoni, injini inanguruma, honi zinapigwa, na bado "Posta! Posta!" unaisikia ukiwa ng'ambo ya barabara. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila hata kukusudia. Pamoja na ukubwa, nguvu ya sauti huhamia juu zaidi, kwenye eneo linalobeba maneno. Mtoa somo aliyerekodiwa chumbani hakujua kama utamsikilizia Mbagala. Ukishusha besi na kuinua eneo la 3000 Hz, unamfanyia kwa vidole kile ambacho angejifanyia mwenyewe kama angekuwa amekaa nawe.

"Anapotea, halafu ghafla anapiga kelele"

Unaongeza volyumu kumfuata mgeni aliyekaa mbali na maikrofoni, mtangazaji anacheka, unaruka kwenye kiti. Hapa ikwalaiza haisaidii. Tatizo ni tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa ndani ya rekodi. Nyumbani unazisikia zote mbili. Penye kelele, zile ndogo zinazama chini ya ngurumo na kubaki zile kubwa tu.

Dawa yake ni kompresa, kitu kinachobana sauti kubwa ili yote kwa pamoja yaweze kuinuliwa. Programu nyingi za kusikilizia vipindi zinayo, zikiiita kuimarisha sauti ya msemaji au kusawazisha sauti. Ikiwa programu yako ina kitufe cha namna hiyo, kiwashe kabla ya jambo lingine lolote. Ndicho kinacholipa zaidi kwa jitihada ndogo. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezea sauti na video, ina kompresa ndani ya madoido ya sauti. Anza na uwiano wa 4 kwa 1 (desibeli 4 zinazozidi zinabaki 1), shusha kizingiti, yaani kiwango ambacho kubana kunaanzia, mpaka usikie msemaji wa mbali amesogea karibu, kisha simama. Ukibana kupita kiasi utaanza kusikia hata feni ya studio ikipumua kati ya sentensi.

Kuna simu zisizo na kitu hicho kabisa. Hapo njia ni kuitengeneza rekodi yenyewe, nitafika huko mwishoni.

"Muziki nausikia, mtu simsikii"

Fundi wetu wa mageti aliniletea simu akisema somo letu limefutika sauti ya mwalimu, umebaki muziki wa mwanzo tu, nao unasikika kama unatoka ndani ya pipa. Sikugusa mipangilio. Nilitoa plagi, nikatumia kijiti cha meno kuchokoa tundu la simu iliyozimwa, likatoka donge la vumbi la mfukoni lililokandamizwa likawa gumu kama punje ya mtama. Plagi ilikuwa haifiki mwisho.

Maelezo yake ni haya. Plagi ina pete, na mojawapo ni njia ya pamoja ambayo spika zote mbili hurudishia umeme. Ikikosa kugusa, spika zinabaki zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na unachosikia ni tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Sauti ya msemaji huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ni sifuri na msemaji anatoweka. Rekodi ikiwa ya mono, yaani sauti moja ileile pande zote mbili, karibu kila kitu kinatoweka.

Dalili hiyohiyo hutokea kwa spika mpya kabisa na tundu safi. Zipo spika zenye maikrofoni ambazo pete mbili za mwisho zimepangwa kinyume na simu yako inavyotarajia. Bana kitufe cha kupokelea simu na ukishikilie. Ikiwa msemaji anarudi ukibana na anapotea ukiachia, umepata jibu: spika si mbovu, hazilingani na simu hiyo. Kuna vipachiko vidogo vya kugeuza, au mpe mwenye simu inayozikubali.

"Upande mmoja umelala"

Geuza spika uangalie ule wavu mdogo mahali pakiwa na mwanga. Ukiuona una rangi ya kahawia au unang'aa kama umepakwa mafuta, ni nta ya sikio. Vua mpira, inamisha spika ili wavu utazame chini, piga taratibu kwa mswaki mkavu na laini. Usichome sindano na usimwagie spiriti, vitu vyote viwili vinasukuma uchafu ndani. Wavu wa spika ya simu yenyewe nao huziba kwa vumbi la unga na jasho, unasafishwa vivyo hivyo.

Ikiwa wavu ni safi, angalia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Kuna kijiti cha uwiano wa kushoto na kulia ambacho huweza kusogea bila mtu kujua. Mlemle utakuta swichi ya mono. Mtu anayesikiliza kwa sikio moja anapaswa kuiwasha, la sivyo rekodi yenye wasemaji wawili waliowekwa pande tofauti itampa mazungumzo nusu. Kwa dereva wa bodaboda au mtu anayetembea kandokando ya barabara nasema wazi kwamba masikio yote mawili yasizibwe. Kilicho nyuma yako unakijua kwa kukisikia.

"Nikiunganisha Bluetooth, inakuwa kama naongea na simu ya zamani"

Bluetooth ina njia mbili. Moja ni ya kusikiliza tu, pana na safi. Nyingine ni ya maongezi, inayobeba maikrofoni pia, na hiyo ni nyembamba: ya zamani huishia karibu 3400 Hz, kama simu ya mezani. Zile s na f zinazoishi juu ya hapo hazifiki kabisa. Programu yoyote ikishikilia maikrofoni, kwa mfano ya kikao cha mtandaoni uliyoiacha nyuma au ya kurekodi, spika zinahamia njia ya maongezi na kubaki huko. Funga programu hizo moja moja. Ikishindikana, tenganisha spika na uziunganishe upya.

"Nimefika mwisho, bado ndogo"

Simu na spika za Bluetooth huweza kuwa na volyumu mbili tofauti. Ya simu imejaa, ya spika iko nusu. Pandisha zote. Angalia pia kama kikomo cha volyumu kimewekwa kwenye mipangilio ya sauti, simu nyingi zinacho. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukichezea kwenye kispika kidogo cha juu, ujue kihisi cha karibu na sikio kimefunikwa, mara nyingi na kidole au kava.

Zile programu za kuongeza sauti kupita kiwango sizipendi. VLC kwenye Android inaruhusu hadi asilimia 200, na kwa rekodi iliyofifia kweli inasaidia. Kwa rekodi ambayo tayari imejaa, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa na unapata ule mkwaruzo wa karatasi. Mkwaruzo huo unaangukia palepale konsonanti zilipo. Umelipia ukubwa kwa kutoa maneno.

"Nimenunua za kuzuia kelele, konda bado namsikia"

Ni sahihi kumsikia. Spika za kuzuia kelele hupokea kelele kwa maikrofoni na kutoa wimbi lililogeuzwa ili viuane. Mhandisi Amar Bose alianza kulifanyia hesabu wazo la hedifoni za namna hiyo mwaka 1978 akiwa angani kutoka Zurich kwenda Boston, na kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Ngurumo ya ndege ndiyo inayozifaa: nzito na isiyobadilika. Injini ya basi na feni vinapungua sana. Sauti za watu, honi na mlio wa grenda ni vya juu na vya ghafla, hivyo huzuiwa zaidi na mpira unaoziba kuliko na umeme.

Halafu soma boksi kwa makini. Herufi ANC ndizo zinazohusu masikio yako. ENC inahusu maikrofoni, yaani yule unayempigia ndiye asiyesikia kelele zako. Watu wengi wamelipia ya pili wakidhani ni ya kwanza.

"Ni spika ya mezani, tupo watu watano, mvua inapiga bati"

Isogeze. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za bure, na kelele ya mvua haijaongezeka hata kidogo. Iinue ifikie usawa wa masikio na ielekeze nyuso za watu. Konsonanti hutoka zikielekea mbele, zinakwama kwenye mgongo wa mtu na pazia. Spika mbili ndogo zilizo karibu na watu huishinda kubwa moja iliyo pembeni. Simu ndani ya bakuli au kikombe inakuwa na sauti kubwa zaidi, kweli, lakini bakuli linakuza mlio wake lenyewe na maneno yanavurugika. Mama lishe wetu alihamisha kispika kutoka juu ya kabati akakiweka kando ya ubao wa kukatia vitunguu, hatua moja kutoka alipo, akakigeuzia mgongo upande wa mashine. Hakuniletea tena malalamiko.

Masikio yenyewe

Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama mpaka wa usalama kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, na ukifika 90 umebaki na saa 4 tu kwa wiki nzima. Anayekaa saa mbili kwenye foleni kila siku, volyumu ikiwa mwisho, anazimaliza mapema sana. Ukishuka kwenye gari ukahisi masikio yana pamba au yanalia nzii, usipange ikwalaiza jioni hiyo, kwa sababu unasikia kwa sikio lililochoka na utazidisha kila kitu. Ngoja asubuhi. Yakiendelea kulia siku ya pili, nenda kliniki ya masikio.

Kwa anayerekodi

Kila ninachowaomba wasikilizaji wafanye ni kazi ambayo ningeweza kuifanya mara moja kwa niaba yao wote, ndiyo maana siku hizi naifanya. Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, nakata kila kilicho chini ya 100 Hz, napitisha kompresa ya 3 kwa 1, nasawazisha ukubwa hadi -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya rekodi nzima), kisha naweka kizuizi vilele visivuke desibeli -1. Muziki chini ya msemaji nimeuondoa. Ulipendeza chumbani na uliua maneno barabarani.

Kisha naijaribu. Namwomba mwenzangu arekodi jozi za maneno kwa mpangilio nisioujua: sita na tisa, fika na shika, pesa na tesa, saa na taa. Naingia daladala, nasikiliza kwa spika za bei ndogo, naandika ninachosikia kwenye daftari, jioni tunalinganisha. Nikikosea zaidi ya mawili katika kumi, narudi mezani.

Na matangazo ya saa sasa tunayasoma hivi: "Saa sita, adhuhuri, kabla ya chakula cha mchana." Kelele ikila neno la kwanza, la pili linabaki. Kikao kilichofuata yule mama alifika saa sita kasoro dakika kumi, akachagua kiti cha mbele.